Kwa Shangazi Aliyeipeleka Jumuiya Kibanjani

Shangazi yangu mpendwa,

Wiki iliyopita nilitumwa kuripoti semina hapa Bukoba kuhusu kanisa la kimisionari. Mwezeshaji alizungumza asubuhi nzima. Wakati wa chai, mama mmoja wa Buhembe aliyekaa karibu nami aliniuliza, "Mwandishi, wewe umeelewa?" Nikamjibu kwamba nimeelewa, kwa kuwa wewe ulinionyesha zamani. Nikamsimulia. Sasa nakuandikia wewe, maana mwisho wa habari hii hukuuona.

Ilikuwa Jumamosi, kule kwetu Muleba, nami nilikuwa likizo. Jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwako. Kama kawaida, katibu akamwombea jirani yetu Mzee Kaijage, asiyekanyaga kanisani. Migomba yake ilikuwa imeshikwa na mnyauko: majani yamegeuka manjano, ndizi zinaoza kabla ya kukomaa. Alikuwa amekata tamaa na ameshapata mtu wa kumuuzia kibanja, shamba lile lile la migomba walikozikwa wazazi wake. Watu walisema ugonjwa umeanzia kwake.

Ulingoja sala iishe, ukauliza, "Tumemwombea Kaijage tangu mvua zianze. Nani amekwenda kwake?"

"Mama, yule hapendi watu wa dini," katibu akasema.

"Hajatuona. Atatupendaje?"

Ukaagiza kila mtu akachukue panga. Pale mwanzo wa kibanja chake uliwasha moto, na kila panga likapita motoni, kwa kuwa ugonjwa huu husafiri kwenye panga, kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima. Mzee Kaijage alitoka ndani, akatutazama.

"Leo mmekuja kunibatiza kwa mapanga?"

"Ubatizo una padre wake," ukamjibu. "Sisi tumekuja kung'oa migomba. Ila nisikilize kwanza. Lile panga uliloazima kwangu lilikuwa limetoka kukata mgomba wangu mgonjwa. Sikulichoma moto. Mnyauko huu niliuleta mimi."

Katibu alitazama chini. Sote tulikuwa tumemsema yule mzee, na wewe ulikuwa umetuacha tuseme. Hilo pia ulilikiri mbele yake.

Mzee Kaijage alilitazama panga mkononi mwako. Kisha akasema, "Basi anza wewe."

Ukaanza wewe.

Tuling'oa hadi saa kumi jioni. Hakuna aliyehubiri. Akina mama walitaka kwenda kumpikia, ukakataa. "Sisi ni wageni hapa. Tutakula alicho nacho." Alikuwa na viazi vitamu. Tukala, naye akatugawia kwa mkono wake punje za kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni kwetu.

Mama wa Buhembe alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ni kwenda tu." Nikamwambia ni kwenda, lakini pia ni kukiri kosa lako ukifika, na kurudi Jumamosi inayofuata, maana siku ile mashina hayakuisha. Tulirudi Jumamosi nne.

Ulifariki kibanja kikiwa na maharage tu, tukingoja ugonjwa uishe ardhini. Machipukizi safi yalipandwa baadaye. Katibu ndiye aliyeyatafuta na kuyabeba kichwani. Mwezi uliopita nilikwenda kujionea. Mikungu ni mizito hadi migomba imeegemezwa nguzo. Mzee Kaijage husali na jumuiya sasa, na hulalamika kwamba rozari yetu ni ndefu mno. Mnyauko ulipoingia kwa mjane mmoja kule bondeni, yeye ndiye aliyetangulia kufika, na kuni begani.

Siku niliyokuwepo, yule mnunuzi alirudi na bei nzuri kuliko ya kwanza. Mzee Kaijage alimpa kiti, akamwonyesha makaburi ya wazazi wake katikati ya migomba, kisha akamwambia bila kupandisha sauti, "Hiki hakiuzwi. Kina watu wake."

Pumzika ukijua hilo, Shangazi. Tumeshinda.

Mimi, mtoto wa kaka yako,
Rwamishenye