Gramu Mia Tatu

Kwako Dada yangu, mwenye mkono mwepesi wa kushona na mzito wa kupiga kofi,

Shikamoo. Ya leo ni ya magoti mawili chini, kwa hiyo ipokee vizuri, maana huwa sizitoi ovyo. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na suruali uliyonishonea imeanza kunibana kiunoni, jambo ambalo kwangu ni maendeleo. Mama hajambo? Mgongo wake vipi? Mwambie dawa niliyomtumia ni ya kuchua, si ya kuweka kabatini na kuwaonyesha wageni. Na huyo shemeji mtarajiwa, bado anakuja kila Jumapili kutengeneza redio ambayo haijaharibika? Msalimie, mwambie redio ina mwisho wake.

Barua yako imenifikia. Nimesoma kwamba Ijumaa hii unamwambia tajiri wako hapo kwenye ushonaji kuwa unaacha kazi, na kwamba hotuba ya kumuaga umeshaifanyia mazoezi mbele ya kioo. Hilo nitalifikia. Usiruke ukasome mwisho, nakujua! Soma kwa mpangilio kama mtu aliyemaliza shule, maana hata mimi niliyeishia njiani nimeandika kwa mpangilio. Ningekupigia simu, ila wewe ukisikia jambo usilolipenda hukati maneno, unakata simu.

Kwanza habari za kampuni. Unajua yetu si kibanda. Ina viwanda kumi na kimoja, vingine kwenye nchi ambazo hata kuzitamka ni kazi, na kote huko watu wanakata samaki walewale, wamevaa kofia nyeupe zilezile zinazotufanya tufanane na uyoga. Mwezi uliopita Mhasibu wetu alibandika ukutani kantini matokeo ya miezi mitatu ya kampuni nzima. Wenzangu walipita wakayatazama kama wanavyotazama ukuta. Mimi nikasimama nikayasoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Yalisema mauzo yamepanda asilimia sita, lakini faida imepanda asilimia moja tu, kwa sababu mafuta ya meli na umeme wa vyumba vya baridi vimekuwa ghali. Nikawaeleza watu kwamba mauzo ni kila kinachoingia mlangoni, na faida ni kile kinachobaki baada ya kila mtu kunyoosha mkono wake. Mhasibu alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai. Akasema yeye amesomea mambo hayo miaka minne na hakuwahi kuyasikia yakielezwa hivyo. Nilichukulia kuwa ni sifa.

Chini kabisa palikuwa na makadirio ya mwaka ujao, yaani kampuni inajitabiria yenyewe. Hapo ndipo tulipotajwa sisi. Katika kila kilo mia za samaki mzima, kiwanda chetu kimetoa kilo arobaini na sita za minofu. Mwaka jana tulikuwa na arobaini na tatu, tukashika nafasi ya saba. Safari hii wa kwanza, Dada, kati ya kumi na kimoja! Na kwa sababu hiyo mwakani tungefungiwa meza ya pili ya kukatia na kuajiriwa watu arobaini wapya. Siku hiyohiyo nikakuandikia kwamba nafasi yako moja iko mfukoni mwangu, imelala na kitambaa.

Sasa nani anayepima minofu hiyo? Mdogo wako. Wakataji wanajaza kreti, mimi naweka kwenye mizani, naandika, nasukuma. Kreti mia nne kwa siku. Walishanipa jina, wananiita Gramu, kwa kuwa sisamehi hata moja. Mama Wembe, mkataji mkuu wetu, ambaye kisu chake kinapita kwenye mfupa kama kinauomba radhi, aliwahi kusema kwamba siku akifa nisije nikalipima jeneza lake nikawaambia waombolezaji limepungua.

Basi wiki iliyopita akaja Mama wa Makao Makuu, mkubwa wa viwanda vyote, na wageni watatu wenye madaftari. Walitaka kujua siri yetu. Meneja akasema ni nidhamu. Mama Wembe akasema ni visu, na kwamba nidhamu haijawahi kutoa mfupa kwenye samaki. Mimi sikuulizwa, kwa hiyo nikajibu. Nikasema siri ni mizani, kwa sababu kwingine wanapima kwa kukadiria na hapa anapima Gramu. Yule mama akacheka, akaniomba nimwonyeshe.

Nikataka kumwonyesha kwa mbwembwe. Nikamweleza kwamba mizani yetu imefundishwa kutoa uzito wa kreti yenyewe ili kubaki na samaki peke yake, hivyo kreti tupu ikiwekwa juu lazima isome sifuri. Nikachukua kreti tupu, nikaizungusha hewani kama mhudumu wa hoteli na sinia, nikaiweka.

Ikasoma gramu mia tatu.

Dada, mimi nilikuwa mbele ya kioo cha mizani, wageni walikuwa nyuma ya bega langu. Sijui goti langu lilifikiria nini. Lilijinyanyua lenyewe, likaisukuma ile kreti kwa chini kidogo, kidogo tu, mpaka sifuri ikatokea. Nikasogea wakaiona. Mama wa Makao Makuu akaandika. Nilisimama kwa mguu mmoja kama korongo nikitabasamu, jasho linanitoka kwenye chumba ambacho watu wanavaa makoti.

Mchana alitutangazia kantini kwamba Alhamisi makadirio yatasomwa mbele ya wanahisa, na meza ya pili itaingizwa humo. Watu wakapiga meza kwa vijiko. Mama Wembe akanikumbatia, na yeye huwa hakumbatii chochote kisicho na magamba. Nikamuuliza Mhasibu, kwa upole wa mtu anayeulizia mambo ya jirani, ikitokea kiwanda kimeajiri watu halafu hesabu zikaja kugongana na samaki waliopo, inakuwaje. Akasema inakuwa rahisi tu, walioingia mwisho ndio wanaotoka kwanza.

Jioni nikafika chumbani nikakuta barua yako na habari ya Ijumaa na hotuba na kioo.

Sasa tumefika, Dada. Kaa.

Zile kreti za bluu za zamani zilipasuka, makao makuu wakatuletea za kijani, nzuri, nzito. Mwenye kazi ya kuifundisha mizani upya ni mimi. Sikuifundisha. Nilikuwa nimeambiwa na nikaitikia ndiyo, kwa sababu nilikuwa nawasimulia wenzangu jinsi nilivyo makini. Miezi mitatu mizima nimekuwa nikiandika gramu mia tatu za plastiki kuwa samaki, mara mia nne kwa siku. Piga hesabu wewe uliyemaliza shule. Nafasi niliyokuahidi ilikuwa ya kukata minofu ya kreti.

Asubuhi yake nikamfuata Mhasibu kabla hajavua koti, nikamwambia yote, hata la goti. Hakufoka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama kama anahakikisha ni mimi. Tukashuka tukapima kreti kumi tupu. Mia tatu, mia tatu, mia tatu. Akakaa juu ya ndoo akasema kila wiki alikuwa akiona upungufu kwenye chumba cha baridi na kuandika kwamba ni maji yamechuruzika. Wateja hawakupunjwa, maana maboksi yao hupimwa upya huko juu kwenye ufungaji. Tuliodanganyika ni sisi wenyewe. Meneja akapiga simu makao makuu siku mbili kabla ya Alhamisi.

Tumeshuka mpaka nafasi ya nne. Kilo arobaini na nne na nusu. Meza ya pili imesogezwa mpaka waone matokeo ya mwakani. Nilisimamishwa juu ya benchi kantini nikaomba radhi mbele ya watu sabini. Mama Wembe, ambaye binti yake naye alikuwa anaisubiri meza hiyo, akainuka, nikajua leo nakatwa minofu. Akauliza mwaka jana tulikuwa wa ngapi. Nikasema wa saba. Akasema kutoka saba hadi nne ni mikono yao wenyewe, plastiki haimo, na mimi nishuke kwenye benchi kabla hajanipima yeye. Wakacheka. Ila binti yake bado hanisalimii, na ana haki.

Kuna jambo moja tu la kujivunia, niachie. Yule mama aliagiza viwanda vyote vipime kreti zao tupu, na kiwanda kingine kimoja kikakutwa na ugonjwa wetu. Kwa hiyo Alhamisi iliyopita makadirio ya kampuni nzima yalisomwa yakiwa yamepunguzwa. Niambie, katika ukoo wetu nani mwingine aliwahi kushusha kitu cha dunia nzima?

Kwa hiyo Dada yangu, usiache kazi. Hotuba ile imeze, ihifadhi, itakuja siku yake. Barua hii nimempa dereva wa lori la barafu, ameapa itakufikia Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa yako. Na kama nawe ulishindwa kuvumilia ukaitoa hotuba mapema, nitakuja mwenyewe kumpigia magoti tajiri wako. Kuomba radhi sasa naweza, nimeanza na watu sabini, huyo mmoja hanitishi.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na kofi langu liweke, nitalifuata likizo.

Ni mimi mdogo wako,
Gramu, aliyekuwa mpimaji,
kwa sasa mwosha kreti (nazijua zote kwa uzito)