Kwa Nakhisa Wamalwa, Mchoraji wa Kuta za Kabalagala

Mwaka umetimia, binti yetu, tangu homa ikuchukue. Hukuwa na diploma. Hukuwa na chumba cha kuchorea wala mfadhili, na hukumjua mtu yeyote katika ofisi zinazosaidia wasanii. Ulikuwa na brashi sita, na baba anayejivunia mwandiko wake.

Tunakukumbuka hapa Makindye, Kampala, ukinywa chai umesimama, macho yako tayari yako barabarani. Ulifuta brashi kwa mashati yangu mimi baba yako, yale ya zamani, na mengine hayakuwa ya zamani. Ayoo muuza samaki bado ana kibao ulichomchorea bure. Yeye hukipangusa kila asubuhi kabla ya kufuta meza. Watu wakimcheka, huwajibu, "Nyinyi mna kibao kama hiki?"

Waliokulipa ni wenye baa, na hilo liliniuma. Nilisoma shule ya jioni miaka minne ili niwe karani. Kanisani waliponiuliza binti yangu anafanya kazi gani, nilikohoa.

Mfuko mmoja wa Nairobi ulipotangaza nafasi za ufadhili kwa wasanii, uliniletea fomu yako niinakili vizuri. "Mzee, hata kalamu yako huvaa tai," ukanitania. "Wakiona mwandiko huu watanichukua." Penye neno "kazi" uliandika: mchoraji wa kuta za baa, miaka tisa. Mkono wangu ulikataa. Niliandika: karani, huchora wakati wa mapumziko. Nikagonga muhuri wa chama chetu cha Wakenya waishio hapa, mimi nikiwa mwenyekiti, nikaituma bila kukuonyesha.

Jibu lilikuja kwangu, kwani anwani ilikuwa yangu. Walisema picha zimewapendeza, lakini mfuko ni wa wanaoishi kwa sanaa. Nililikunja nikalitia ndani ya koti. Kwako nilisema neno moja tu: "Wamekataa."

"Basi kazi yangu haijafikia kiwango, Baba."

Ukageuza picha zako zote zikatazama ukuta. Zilikaa hivyo mwezi mzima hadi homa ikakuchukua, na baada yake pia, nami nikipita hapo kila siku nikienda kunawa. Sikusema. Uliondoka ukiamini kwamba mkono wako ndio uliopungukiwa. Leo nakuambia, mbele ya wote wanaosoma: ni mimi, mwanangu. Naona haya.

Juzi alikuja Victoire, Mkongomani uliyemfundisha kushika brashi. Mfuko umetangaza tena, naye anahitaji barua ya mtu anayeijua kazi yake. Nilimuuliza niandike nini.

"Andika vile iko, Papa. Miye nachora ukuta ya baa. Nakhisa ndiye alinifundisha."

Nimeandika vile ilivyo. Nimezitaja baa kwa majina yake, nikakutaja wewe, mchoraji, mwalimu wake. Humo humo nimeungama nilivyoiharibu fomu yako. Victoire ameisoma kwanza, kila neno. Kisha mama yako Teresa akaisoma mara mbili, akanitazama, akaenda kuzigeuza tena picha zako zitutazame.

Hakuna siku tutakayokusahau. Kaka yako Khaemba ameandika anwani, mdogo wako Nyongesa amepaka gundi. Mimi, baba yako Cleopas, nimeifunga bahasha kwa mikono yangu, na asubuhi hii nimeikabidhi kwenye basi la Nairobi.