Sindano Iliyorudi Kabatini

Eldoret

Mama mpendwa,

Mate yakigonga kopo la bati: mlio huo haujanitoka masikioni hata ninapoketi kukusalimu. Hujambo? Goti lako limekuruhusu kushuka mtoni? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku hunilaza na soksi.

Hapa wodini tulimpokea Mama Esta, mtu wa kwetu anayekaa huku na binti yake. Ini lilikuwa limevimba, na Daktari, yule Mzungu, alikusudia kumchoma sindano ndefu ubavuni, atoe kipande kidogo kikapimwe Nairobi. Kwanza aliuliza kwa Kiswahili chake cha mashambani, "Huyu mama iko toka damu ovyo?" Mkalimani wetu, Zakayo, akajibu nyuma ya pazia, "Hapana, Bwana." Hakumwuliza mgonjwa hata neno. Wewe utaelewa: Zakayo ndiye aliyemwoa binti yake. Atamwulizaje mama mkwe habari za mwili wake?

Nilikuwa nikimpangusa ubavu kwa spiriti niliposikia kopo. Akalifunika kwa leso. Nikafunua. Mate yalikuwa mekundu.

"Tangu lini?" nikanong'ona kwa lugha ya kwetu.

"Tangu mavuno. Ni ufizi tu, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

"Nimfungulie mkwe kinywa? Afadhali ini lioze!"

Unajua nilivyo, neno hunikaa kifuani hadi wakati wake upite. Lakini ini halifungwi bendeji. Likitobolewa na damu ikakataa kuganda, angejaa damu tumboni huku tukimtazama. Nikasimama kati ya sindano na kitanda.

"Bwana Daktari, usimchome. Anatokwa na damu kila siku."

"Zakayo nasema hapana!"

"Zakayo ni mkwe wake. Hawezi kumwuliza."

Daktari akamtoboa mama kidole, akakigusisha karatasi ya kukaushia wino. Ikalowa. Akachukua nyingine, nayo ikalowa; damu haikukoma. "Rudisha sindano," akasema. Niliibeba hadi kabatini nikiimba moyoni wimbo wako wa Pasaka.

Sasa anapewa dawa ya kugandisha damu, na kopo lake ni kavu. "Mwite Daktari aone meno yangu yote," hunitania, "Zakayo tu asije!"

Nisalimie Bibi aliyenilea, Mjomba seremala, na wifi Ruti na kichanga chake.

Ulinionya nisiwajibu wakubwa. Leo asubuhi, kabla Daktari hajaingia wodi ya wanawake, niliwatoa wakalimani wote wakakae barazani. Mimi na mama wa Kinandi anayefua mashuka tukawauliza wagonjwa wenyewe habari za miili yao, kitanda kwa kitanda. Zakayo ndiye aliyetangulia kutoka, tena akicheka.

Binti yako,
Rebeka