Muhuri kwenye mulango wa mama Mwanvua

Falone, usinipigie. Soma tu.

Ile tiyo ya kupitisha gazi ya restora ya mama Mwanvua, tuliyoifunga na mupira wa tairi ya baiskeli, leo imepasuka. Harufu mupaka barabarani. Papa Mardochée, mukaguzi wa Serikali, akafika, akanusa, akasema: "Sheria njo sheria. Tokeni wote, ninafunga hii nyumba."

Nikafurahi, nikajua tumepona. Mi nilifurahi, Falone.

Nikataka kurudi jikoni nifunge chupa ya gazi. Akanizuia: "Usiguse, dada. Ile ni ushahidi."

Kumbe kufunga kwake ni kutia muhuri wa nta nyekundu mulangoni. Akatoa nta. Akatoa mushumaa. Halafu akaniangalia: "Nipe kibiriti."

Kibiriti, Falone. Pale pale mulangoni.

Nikamwambia: "Papa, gazi inavuja." Akanijibu: "Njo maana ninafunga."

Tulikimbia wote. Alipoona hakuna wa kumupa kibiriti, akavuka barabara, akayeyusha nta kwenye makaa ya moto ya mama anayeuza beignets, zile maandazi, akarudi kubandika muhuri wake. Umenyooka vizuri.

Nikauliza kwa mbali: "Na chupa?" Maana iko ndani, ingali inalia fsss.

"Anayevunja muhuri wa Serikali anaenda gerezani."

Unamujua mama Mwanvua. Wakati wa vita waasi waliingia Kindu, yeye akabaki jikoni anageuza sombe, majani ya muhogo. Leo amepanda pikipiki kukimbilia Kailo, nje ya mji, na kandambili moja mguuni.