Jiko la Milango Miwili

Kamina, mwezi wa sita

Mwanangu Stanislas, Baba Mapasa wetu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Je, mwili una nguvu? Mitihani inakwendaje huko Malemba-Nkulu, na walimu wenzako wanakupikia bukari ya unga wa mahindi, au unakula samaki wakavu wa Lualaba hivyo hivyo? Sisi tuko wazima. Neno hilo huwa tunaliandika bila kulifikiria. Leo nimelifikiria kwanza.

Mkeo Christelle anakusalimu. Mapasa wako, Kyungu na pacha wake Kabange, wanaongezeka uzito, ingawa Kabange bado ni mdogo kuliko mwenzake na hulia kama mtu anayedai kiti chake kanisani. Unajua kwamba walizaliwa kabla ya wakati. Muuguzi alituonya kwamba watoto wa namna hiyo hawana mafuta mwilini, kwa hiyo baridi ndiyo adui wao wa kwanza. Na baridi ya mwaka huu ni kali: asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole, na watu wanapita njiani kwenda kituo cha treni wamejifunga blanketi.

Kwa sababu hiyo nimeweka jiko la kuni ndani ya chumba chao. Niruhusu nikueleze, maana unanijua, sipendi mtu atumie kitu bila kujua kinafanyaje kazi. Sisi sote hapa huota moto wa mbabula, lile jiko dogo la makaa, na kwa kuwa makala yake hayatoi moshi, tunadhani ni moto safi. Kumbe makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Moshi wa kuni una adabu zaidi: unakuwasha macho, nawe unakohoa na kutoka nje. Jiko letu ni pipa la mafuta lililolazwa juu ya matofali. Lina mlango wa kutia kuni, na bomba linalopenya ukutani kisha kupanda kupita paa. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda bombani, na ikipanda inavuta hewa nyingine mlangoni. Hivyo moshi na sumu vyote vinakwenda nje, na chuma kinabaki kutupa joto. Pale bomba linapopita ukutani nimeziba kwa udongo wa kichuguu, ambao haupasuki upesi.

Aliyelitengeneza ni Alfani, yule fundi wa kuchomelea vyuma karibu na kituo. Nilipomwonyesha mchoro wangu aliniuliza: «Mwalimu, hii njo jiko ao njo lokomotivu?» Nikamwambia atengeneze tu, abiria wako tayari. Lakini lilipofika nyumbani, mama yako alikataa lisiingie chumbani. Alisema moto ni mmoja na watoto ni wawili. Wewe umelelewa humu, unajua jinsi tunavyowatendea mapasa: alichopewa huyu apewe na yule, na mgeni akija na zawadi moja anarudishwa akatafute ya pili, maana aliyenyimwa huudhika, na anaweza kurudi alikotoka. Sikubishana naye. Nililirudisha kwa Alfani, akakata mlango wa pili na kutia bati katikati ya pipa. Sasa kushoto ni moto wa Kyungu, kulia ni moto wa Kabange. Mama yako akauliza mbona bomba ni moja. Nikamjibu kwamba hata wao walipita njia moja, wala hawakugombana. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ambayo sasa lazima nikueleze.

Kwenye simu tulikuambia kwamba Christelle na Kabange walilazwa hospitali kwa malaria. Haikuwa malaria.

Kabla ya jiko hili tulikuwa na mbabula moja chumbani mwao, na muuguzi alisema ikae karibu na mlango, mlango ukiwa wazi. Upande ule ndiko Kyungu alikolala. Mama yako aliona kwamba Kabange amenyimwa. Alfajiri moja ya baridi, mimi nikiwa misani, aliwasha mbabula ya pili, akaiweka upande wa Kabange, akafunga mlango ili upepo usiwapige, akaenda bombani kupanga foleni ya maji. Aliporudi alimkuta Christelle ameanguka karibu na mlango, na Kabange amelegea kama kitambaa; Kyungu, aliyelala penye upepo wa chini ya mlango, alikuwa analia. Ni yeye mwenyewe aliyewatoa wote uani. Nilipofika, Kabange alikuwa bado hajalia. Alikawia sana, mwanangu. Kisha alilia.

Daktari amewapima tena juzi, anasema hakuna kilichoharibika. Hakuna pia aliyemlaumu mama yako. Christelle husema aliyewatoa nje ndiye aliyewazaa mara ya pili. Lakini tangu siku ile mama yako hajawashika wajukuu wake. Anafua nepi zao, anapasua kuni, anazileta mbili mbili zenye urefu sawa, moja kwa kila mlango wa jiko, kisha anasimama kizingitini. Christelle akimpa mtoto, anasema mikono yake ina baridi. Hakuthubutu kukuambia kwa simu. Ni yeye aliyeniomba nikuandikie, ujue kabla hujafika, ili kama una hasira, iishie barabarani.

Basi, ukifika, mizigo uiache uani. Ingia chumbani, uwachukue watoto, umwekee mama yako mikononi. Usimpe mmoja kwanza, maana atakataa, na hapo atakuwa na haki. Mpe wote wawili kwa pamoja. Akikuambia mikono yake ina baridi, mwambie jiko linawaka.

Utusalimie wote wanaotuulizia huko, na Mungu akulinde njiani hadi mlangoni kwetu.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Nkulu