Pijo ya Baba Ipo Nyakato

Mdogo wangu Nyamizi,

Nakuandikia nikiwa nimeshiba sato, na jua limenibabua. Ile gari ya marehemu Baba, Pijo, nimeipata mtaani Nyakato, kwa tajiri mpya wa minofu ya samaki. Kuku wanatagia kiti cha nyuma. Kabla yake ilikuwa ya katekista, kisha ya bwana ushirika aliyehubiri ujamaa mpaka siku biashara iliporuhusiwa.

"Gari yangu hii, mzee," tajiri akatamba, akitoa kadi ya gari. Jina lililomo ni la Baba. Wote watatu walinunua, hakuna aliyejali kubadilisha jina.

"Kuna mzungu anaitaka. Wewe si mwanawe? Nisainie basi nimuuzie."

Nimekataa. Katika mji huu mzima, jina la Baba limebaki kwenye karatasi ile tu.

Baridi ya huko Lusaka isikuonee, mama.

Kaka yako,
Masanja