Nguzo Zako za Darsait

Shoga yangu Zuwena,

Mungu akupanulie kaburi lako. Nna jambo kifuani, na wa kumtambia hapa Maskati sina tena. Wengine nikianza tu, "Ruweida wangu," wanatafuta viatu vyao. Wewe ulikuwa unaningoja nimalize, khalafu unanijibu na mwanao Khamis.

Basi nisikilize. Ruweida, yule uliyemwita mchafuzi wa kuta kwa kuchora majumba kila mahali, leo Waingereza wanampa nyumba zao azitengeneze! Sema mashallah. Kaniita huko Uingereza nikaione moja, nyumba ya mkulima, ya kale hata hawamjui aliyeijenga. Mbele matofali mekundu, madirisha marefu, mlango una vioo vya rangi, ukumbini vigae utadhani zulia. Kumbe sura hiyo waliibandika zama za Malkia Viktoria, mwenye shamba alipopata uwezo. Zunguka nyuma sasa! Paa limeinama, dari utagonga kichwa, na ndani ya ukuta, shoga, fito na udongo! Na maboriti, kama kwetu Unguja. Nilicheka mpaka Ruweida akanifinya, "Mama, wenyewe wanasikia."

Wenyewe, mtu na mkewe, walitaka kubomoa ya mbele, ibaki ile ya kale tupu. Mwanangu kawakatalia. Kawaambia yule mkulima alingoja umri mzima kuipa nyumba yake uso wa kupokelea wageni, mkiubomoa mnamfuta yeye. Kwa Kiingereza chake hicho, taratibu, kama anamimina kahawa. Alinifasiria garini. Nilijaa fahari, Zuwena.

Tumerudi, na sasa khabari yako. Khamis anahamia nyumbani kwako Darsait na mkewe. Vyema. Lakini alitaka kung'oa nguzo zako za mbele, zile zenye majani ya dhahabu juu, na ile marumaru ya waridi, nyumba iwe nyeupe kavu kama hizi mpya za mtaa wa Al Khoudh. "Mama mdogo, zimepitwa na wakati," ananiambia. Na kamwita Ruweida amchoree!

Hizo nguzo hakuna aliyezicheka kama mimi. Nilikwambia zinafanana na ukumbi wa harusi, ukaninunia mpaka Idi. Na bado nnasema mbaya, usidhani kufa kumekupa ushindi. Lakini mlianza na vile vyumba viwili vya nyuma, mnapikia uani na moshi wote ule. Nilikuona ulivyosimama juani na mafundi, huwaamini hata kidogo, unazipapasa nguzo kama ng'ombe wa kununua.

Nikamwambia Khamis, "Ukitaka kuzigusa, pita kwangu kwanza." Ruweida akakunja karatasi zake. "Kaka, nitakutengenezea nyuma, jiko na bafu upendavyo. Mbele ni pa Bi Zuwena. Mimi hapo sichori."

Nikasema moyoni, hapa tumegombana. Khalafu Khamis akaenda kuweka kiganja kwenye nguzo ya pembeni. "Hii ndiyo aliyokuwa akiegemea, akinisubiri nitoke skuli."

Zimebaki, shoga. Jana wameyapaka upya yale majani, na dhahabu imezidi, inang'ara mpaka barabarani. Ungefurahi wewe!

Pumzika sasa. Dua zangu zinakufikia kila baada ya sala, na nnakuahidi hivi: wageni wakija wakauliza nani kaziweka hizo nguzo, ntakutaja wewe kwanza, ndipo nimtaje Ruweida. Na unanijua mimi, hilo si dogo.

Shogako,
Mama Ruweida